Unaandika tasnifu ya sheria ya kimataifa? Anza na mgogoro mmoja

Rasimu nyingi za wanafunzi wa uzamili ninazosoma zina kichwa kinachofanana: "Nafasi ya sheria ya kimataifa katika maendeleo endelevu." Mada hiyo haina ukingo. Chagua kesi moja, uisome yote.

Iliyonifungua macho mimi ni ya Hungary na Slovakia kuhusu mabwawa ya mto Danube. Mkataba wa kuyajenga ulitiwa saini 1977, Slovakia ikiwa bado sehemu ya Czechoslovakia. Mwaka 1989 Hungary ilisimamisha kazi ikihofia mazingira. Upande wa pili ukaendelea, na 1992 ukauchepusha mto. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa hukumu tarehe 25 Septemba 1997. Maendeleo endelevu yametajwa katika aya ya 140, kwa kifupi sana, kama dhana tu, kisha pande zote mbili zikaelekezwa kutazama upya athari za mradi kwa mazingira.

Wengi huishia hapo. Usiishie hapo! Fungua maoni binafsi ya Makamu wa Rais wa Mahakama, Jaji Weeramantry wa Sri Lanka. Kwake, maendeleo endelevu ni kanuni yenye nguvu ya kisheria, na ili kuonyesha mizizi yake anarejea mabwawa ya kale ya kwao, halafu anakuja Tanzania: mifereji ya Wasonjo na ya Wachagga. Nilipofika hapo nilirudia kusoma. Ile mifongo inayoteremsha maji ya Kilimanjaro hadi mashambani imo katika kumbukumbu za The Hague, na sisi wasomi tunaihitaji mno.

Ila maoni ya jaji mmoja si uamuzi wa Mahakama. Kila unaponukuu, onyesha nani kasema. Mtahini atakubana hapo kwanza.

Ukishaielewa kesi hiyo, ilinganishe na ya Serengeti. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliizuia Tanzania kutekeleza mpango wake wa awali wa barabara ya lami kukatiza hifadhini, katika shauri la shirika la kutetea wanyama la Kenya. Majaji waliegemea vifungu vya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. The Hague iliwarudisha wadaawa mezani. Arusha ilitoa zuio la kudumu. Tofauti hiyo imetokana na maneno ya mikataba, na kilichoombwa, au na mamlaka ya mahakama zenyewe? Swali hilo linatosha tasnifu nzima, na hukumu zote mbili zinapatikana bure mtandaoni.