Maswali Yenu: Mzuka Ukiwa Jukumu la Serikali

Toleo lililopita tuliwatupia wasomaji chambo. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga Sheria ya Uchawi, sheria ya kukataza na kuadhibu. Tukauliza: ingekuwaje kama mwaka ule wangegeuza mambo, mzuka ukiingia nyumbani iwe ni wajibu wa serikali kuja kuutoa, kama inavyowajibika kuja kuzima moto? Barua nyingi zimetoka Lamu, zimeandikwa kana kwamba afisa wa mizuka tayari ana meza yake na muhuri wake. Nasi tumejibu vivyo hivyo. Afisa na kanuni zake ni vya kubuni. Maji, moshi na komba ni vya kweli.

Karibu na kisima chetu kuna mtu anayeguna usiku. Afisa alikuja, akakaa hadi saa 6, hakusikia kitu, akafunga jalada. Je, ni haki? — Mama Mkwe, Mkomani

Si haki, mama, na una ruhusa ya kulidai jalada lifunguliwe upya. Jalada la sauti hukaa wazi usiku 15. Sababu ni bahari: kutoka bamvua (maji yanapojaa sana) hadi bamvua ni siku 14 na zaidi ya nusu, na afisa aliyekuja wakati wa maji mafu (yanapopanda kidogo) pekee hajapima lolote.

Wakati mnamsubiri, wekeni daftari kando ya kisima. Andikeni saa ambayo mguno unaanza na saa unapokoma. Ukianza leo saa 4 usiku, kesho saa 4 na dakika 50, kesho kutwa karibu saa 5 na dakika 40, basi mgeni wenu anafuata maji kujaa, maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Mguno ukizidi siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, shaka imekwisha. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Maji yakipanda chini ya mji husukuma hewa iliyonaswa kwenye mifereji ya zamani, nayo hutafuta pa kutokea.

Jaribio lake ni rahisi. Tandazeni karatasi nyepesi juu ya tundu la mfereji, mbane kingo kwa mchanga. Karatasi ikivimba kabla ya sauti kuanza, mmeshamkamata. Msizibe tundu kwa saruji, kosa tunalolisikia kila mara. Maji yatatafuta njia nyingine, chumvi itapanda ukutani, na baada ya muda lipu ya chokaa itaanza kubambuka. Pachikeni bomba pana lililosimama wima: tundu jembamba hupiga mluzi, pana hupumua tu.

Sauti inayokuja saa ile ile kila siku, mwezi uwe vipi, ni kesi nyingine. Ikiwa ni kishindo kikavu darini mara baada ya magharibi, tazameni paa kama ni la mabati. Bati la mita 6 likipoa kwa nyuzi 30 hunywea kama milimita 2, na msumari haukubali kimya kimya.

Tumekarabati nyumba ya urithi: kiwanda, yaani ua wa ndani, tumekifunika kwa paa la vioo, tumetia kiyoyozi, madirisha yote yafungika kabisa. Tangu hapo watoto huamka na kichwa kikiuma, mama asikia nyayo ghorofani, nami nimemuona mtu amesimama mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Twafukiza ubani kila usiku lakini hali yazidi. Tufukize mara ngapi ndipo tumwite afisa? — Baba wa Watatu, Langoni

Msifukize tena hata mara moja ndani ya nyumba iliyofungwa, na mwiteni leo. Barua yako ndiyo iliyotutia hofu kuliko zote.

Chini ya ubani pana makaa. Kaa linalowaka jekundu bila moshi linaonekana safi, kumbe ndilo linalotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ubani wenyewe hukuondolea hata shaka ya harufu ya mkaa. Gesi hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ubongo ukikosa hewa, mtu huumwa kichwa, huona kichefuchefu, hubanwa kifua, na wengine husikia na kuona yasiyokuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wageni ndani ya nyumba yao. Mkosaji alikuwa tanuri bovu la kupasha nyumba joto.

Nyumba ya Lamu ilijengwa ipumue kupitia kiwanda. Hewa moto ilitoka juu, hewa ya baharini ikaingia daka, baraza la mlangoni, na tekani, ukumbi mdogo baada yake. Mlipokifunika mliziba pua ya nyumba, kisha mkaleta chetezo cha makaa ndani. Mnafukuza mzuka kwa kitu kinachowazalia mzuka.

Dalili ya kuwapa uhakika wa haraka: je, kichwa hupoa mkienda kijiji cha jirani cha Shela kutwa, kikarudi mkilala nyumbani? Paka naye amelegea? Ikiwa ndiyo, tokeni wote nje, fungueni kila mlango, nendeni hospitali, na yatajeni makaa kwa daktari kabla ya kumtaja jini. Msitulizwe na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hii, kwa hiyo husoma vizuri huku mtu anazama.

Afisa akija, mkatalieni asubuhi. Mchana milango iko wazi, kipimo chake kitasoma sifuri naye ataandika “jini” aende zake. Aje usiku, nyumba ifungwe kama mnavyoifunga, chetezo kiwashwe, watu wote wakae nje, kipimo kiachwe kwenye urefu wa mto wa kulalia. Kisisimamishwe sakafuni kwa kudhani gesi hii ni nzito. Uzito wake unakaribiana na wa hewa. Kengele ya nyumbani ya viwango vya Ulaya hulia ndani ya dakika 60 hadi 90 gesi ikifika sehemu 50 kwa milioni, na ndani ya dakika 3 ikifika 300. Tazameni tarehe ya mwisho mgongoni mwake. Kitufe cha kujaribia huonyesha mara nyingi kwamba king'ora kinalia tu, hakiwaambii kama pua yake bado inanusa gesi.

Paa la kiwanda liinuliwe pande mbili liache mwanya. Ubani fukizeni dakani.

Afisa amekaa chumbani kwangu saa nzima, kisha kasema mzuka ni feni. Ananicheza? — Mpangaji

Huenda hakuchezi. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy wa Uingereza alieleza jinsi feni moja ya maabara ilivyotoa mtikisiko wa takriban hezi 19, yaani mara 19 kwa sekunde, chini ya kiwango cha kawaida cha sikio la binadamu, na watu wakahisi wana mtu nyuma yao. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mkandaa, miti ya mikoko, hazivuki upana mkubwa. Chumba cha urefu wa kama mita 9 kinautunza mtikisiko huo vizuri sana. Zima feni usiku tatu. Ikiwa hali inabadilika, badilisha mipira ya kiungio chake, au uihamishie ukuta mwingine.

Karibu na magofu ya Gede twasikia mtoto mchanga akilia mitini. Ni kazi ya kaunti au ya serikali kuu? — Wazazi, Malindi

Magofu yenyewe ni ya serikali kuu, na mji ule umekuwa mtupu tangu karne ya 17, kwa hiyo malalamiko ya majirani ni machache. Lakini anayelia ni komba, mnyama mdogo wa usiku. Mulikeni kwa tochi: macho mawili mekundu yanayoruka kutoka tawi hadi tawi. Hapo hakuna jalada.

Babu yetu huonekana mara moja moja katika nyumba kati, chumba cha ndani. Hatumuogopi. Sheria yaweza kumtoa kwa nguvu? — Wajukuu, Mkomani

Haiwezi. Pasipo mlalamikaji afisa hana kazi, na msipoweka sahihi yeye hana ruhusa ya kuvuka daka. Tungewaomba mumruhusu akague jikoni tu, kwa ajili ya makaa, dakika 20, mlango wa nyumba kati ukiwa umefungwa.