Sio uvivu wa makocha, ni baridi na hela

Hapana kaka, unaposema timu za vyuo za kaskazini mwa Marekani hazibebi ubingwa wa besiboli kwa sababu makocha wao wavivu, unawaonea. Msimu unaanza katikati ya Februari, muda huo kule Michigan au Minnesota uwanja umefunikwa theluji, vijana wanapigia mipira kwenye nyavu ndani ya jumba, halafu wiki za kwanza wote wanapanda ndege kwenda kusini kucheza ugenini, wakati mwenzao wa Florida au Texas yuko nje karibu mwaka mzima tangu akiwa mdogo. Ohio State, chuo cha huko kaskazini, walichukua ubingwa mwaka 1966, na hadi 2025 ligi yao ya Big Ten haikubeba tena, chuo cha Michigan walifika fainali 2019 wakafungwa na Vanderbilt, chuo cha kusini.

Na hela ndo inamaliza kabisa. Zamani timu ilikuwa na skolashipu, yaani nafasi za kulipiwa masomo, 11.7 tu, zinagawanywa kwa wachezaji mpaka 27, yaani wengi wanapata kipande. Kuanzia msimu wa 2025-26 chuo kilichoingia kwenye utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja kinaruhusiwa kuwapa skolashipu wachezaji wote 34 wa timu, sasa niambie chuo kidogo kitatoa wapi? Halafu ukikuza kipaji kinahama, mrushaji Paul Skenes alitoka Air Force, chuo cha jeshi la anga, akaenda LSU, chuo kikubwa cha Louisiana, 2023 wakabeba ubingwa naye. Mi inaniuma sana kwa makocha wa hivyo vyuo vidogo, maana kazi wanaifanya kweli.