Kibanda cha magogo msituni kinaoza, naweza kukirekebisha mwenyewe?

SWALI: Habari zenu wahariri, mi ni fundi seremala niko Denver, Colorado, wikiendi huwa napanda milimani na kuna kibanda cha magogo kwenye msitu wa serikali, paa limetoboka na magogo ya chini yanaoza, roho inaniuma kweli. Naweza kwenda na vifaa vyangu nikakirekebisha bure? Afu nyuma kuna lundo la makopo yenye kutu, nataka niyazoe pawe safi. – Msomaji, Denver

JIBU: Ndugu yangu fundi, moyo wako tunaupenda sana ila tafadhali usiguse kitu kwanza. Nenda ofisi ya Forest Service (idara ya misitu ya serikali kuu ya Marekani) ya eneo hilo na picha na mahali kilipo, uombe kuongea na mtaalamu wao wa mambo ya kale, manake jengo la miaka 50 na zaidi linaweza kuwa la kihistoria na sheria ya mwaka 1966 inawataka walichunguze kabla ya kazi yoyote. Majengo mengi ya hivo kwenye misitu ya Marekani yalijengwa na vijana wa CCC, mpango wa ajira wa Rais Roosevelt wa 1933 mpaka 1942.

Na hayo makopo ndo uyaache kabisa! Wewe unaona takataka, lakini kopo lenye kitone cha lehemu kwenye kifuniko mara nyingi ni la zamani kuliko lile la kukunjwa ukingo bila lehemu, ambalo lilienea mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo mtaalamu akiangalia lundo lilivyolala anajua watu waliishi hapo miaka gani na walikuwa wanakula nini, ukishayazoa hiyo habari imepotea na hairudi tena. Tena kuna sheria ya 1979, vitu vya kale vya miaka 100 na zaidi kwenye ardhi ya serikali kuu ukivichimba au kuviondoa bila kibali unaweza kula faini ama jela.

Mikono yako inahitajika lakini. Ulizia HistoriCorps, shirika la watu wa kujitolea kukarabati majengo ya kihistoria lililoanzia hapohapo Colorado mwaka 2009, au mpango wa Forest Service unaoitwa Passport in Time, huo wanakupa kijitabu kama paspoti kinagongwa muhuri kila mradi. Mnapiga kambi, mnafanya kazi chini ya mafundi na wataalamu, na utaona gogo halitupwi lote, inakatwa sehemu iliyooza tu na kuungwa mti mpya, kazi ya tezo na subira. Mshahara hakuna, ila ukijitolea rasmi Forest Service unasaini makubaliano, na kwa sheria ya 1972 ukiumia kazini unahesabiwa kama mfanyakazi wao kwenye fidia.

Miradi ya milimani mingi ni kiangazi kwa sababu ya theluji, so anza kuulizia baridi haijaisha.