Kabla hujaipamba kamera ya renjifainda: maswali na majibu

Safari hii maswali yote ni ya renjifainda, kamera ambazo jicho halipiti kwenye lenzi. Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni. Katikati mna kiraka chenye taswira mbili, nawe unazungusha pete ya lenzi hadi zilaliane. Wengi mmeuliza kuhusu mikanda na vifuniko vya ngozi. Tumevijibu, ila si vya kwanza.

Nimeagiza Leica M11 na lenzi ya Summicron 35 mm f/2. Nikiwa naisubiri ninunue nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Filta ya milimita 39 na betri moja ya akiba. Kadi inaweza kungoja, kwa kuwa M11 ina hifadhi ya ndani ya GB 64, ingawa kwa anayepiga harusi ni busara kuhifadhi kila picha pande zote mbili. Betri huchajiwa ikiwa ndani ya kamera kwa waya wa USB-C.

Muda wako utumie kwenye menyu. Kamera hii hutoa DNG (faili ghafi za picha) za megapikseli 60, 36 au 18, na zote hutumia sensa nzima. Anza na 36: faili ni nyepesi, na mtikisiko wa mkono hauonekani upesi kama kwenye 60. Weka ISO otomatiki yenye kikomo cha 6400, na kasi ya chini ya shata uichague 1/(2f), f ikiwa urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita. Kwa lenzi ya 35 mm, hiyo ni kama 1/70 ya sekunde. Ukipiga watoto wanaokimbia, panda hadi 1/(4f).

Hesabu hiyo inategemea kamera kuijua lenzi iliyofungwa. Lenzi za Leica zilizotoka kiwandani tangu 2006 kwa kawaida zina alama sita nyeusi na nyeupe kwenye pete ya kufungia, na kamera huzisoma yenyewe. Lenzi isiyo nazo uitaje mwenyewe kwenye menyu, na ukumbuke kuibadilisha unapobadili lenzi. Hapo ndipo wengi hupata picha zilizotikisika, kisha lawama zinamwendea fundi.

Navaa miwani. Kiraka nakiona, lakini kingo zake zina ukungu. Kamera ni mbovu? (Msomaji, Nairobi)

Huenda ni nzima. Kidirisha cha Leica M kimetengenezwa na namba -0.5 tayari, na hakina gurudumu la kurekebisha. Kinachoongezwa ni kioo kidogo cha kuskrubu nyuma yake, kuanzia -3 hadi +3. Usikinunue kwa kubahatisha. Nenda kwenye duka la miwani, omba lenzi za majaribio, ziweke moja moja kati ya jicho na kidirisha bila miwani yako, kisha tazama kingo za kiraka. Ile inayozikata safi ndiyo namba yako.

Angalia mambo mawili. Kwanza, vioo vya kawaida vya aina hii havirekebishi astigmatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho. Mwenye nayo ni heri abaki na miwani. Pili, kuanzia M10 ya 2017 kidirisha kina kipenyo kingine, hivyo kioo cha M6 au M9 hakikai bila adapta. Ukibaki na miwani, mistari ya fremu (inayoonyesha mipaka ya picha) ya 28 mm utaiona kwa kuhangaika. Ya 35 mm inawezekana, ya 50 mm ni raha. Kwenye M3 na M2 pete ya kidirisha ni chuma tupu na inakwaruza miwani, kwa hiyo ibandike duara jembamba la mpira.

Nitajuaje kama fokasi ya kamera yangu iko sawa kabla siku za kuirudisha hazijaisha? (Msomaji, Arusha)

Swali hili ndilo tungependa kila mnunuzi aulize siku ya kwanza.

Anza mbali. Tafuta mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja, au mwezi. Zungusha lenzi hadi mwisho kwenye alama ya umbali usio na kikomo. Taswira mbili zinapaswa kulaliana kabisa. Zikipishana kushoto na kulia, kipimo cha umbali kimehama. Zikipishana juu na chini, hilo ni kosa lingine: halibadilishi umbali unaopimwa, ila linachosha jicho na kuchelewesha mkono. Kwenye M6 ya 1984, skrubu ya kurekebisha kosa hili imefichwa nyuma ya nembo nyekundu ya mbele.

Sasa karibu. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, umbali wa mita 1. Laza rula kwa pembe ya digrii 45, chagua alama moja iliyo wazi, fungua lenzi yote. Fokasi kwa kiraka, piga, kisha vuruga pete na urudie mara tano, mara nyingine ukitokea mbali, mara nyingine ukitokea karibu. Picha tano zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, tatizo ni mkono au jicho. Zikikosea zote upande mmoja, tatizo ni chombo. Mwenye M11 alinganishe na skrini ya nyuma akiikuza.

Mbona tunasisitiza mita 1? Kwa lenzi ya 50 mm kwenye f/2, eneo lililo kali hapo ni kama sentimita 4.5 tu kwa jumla. Kwa 90 mm kwenye f/2 ni kama sentimita 1.3, yaani jicho likiwa kali, sikio limeshapotea. Kosa ambalo 35 mm kwenye f/8 ingelificha, hapa linaonekana.

Kisha ujue nani mkosaji. Jaribu lenzi ya pili. Zote mbili zikikosea sawasawa, ni kamera. Ikikosea moja, ni lenzi hiyo. Tena zipo lenzi ambazo fokasi yake huhama unapopunguza mwanga kutoka f/1.5 kwenda f/2.8 au f/4. C Sonnar 50 mm f/1.5 ya Zeiss inajulikana kwa hilo, na hakuna fundi wa kuiponya.

Ndani ya mdomo wa kamera utaona kigurudumu kidogo kwenye mkono wa chuma. Usikiguse. Marekebisho ya mbali na ya karibu yanavutana: ukipata moja umepoteza jingine. Kamera ikiwa na dhamana, irudishe.

Nina Jupiter-8, lenzi ya Kirusi ya 50 mm. Nitaifunga kwenye Leica M? (Msomaji, Kigoma)

Ndiyo, kwa adapta ya M39 (mdomo wa skrubu wa lenzi hiyo) kwenda M yenye unene wa milimita 1. Chagua ile ya mistari ya fremu ya 50/75; ukinunua ya 35/135 lenzi itafanya kazi, lakini kidirisha kitakuonyesha fremu isiyo yake. Tarajia kosa la fokasi kwa karibu, kwa sababu lenzi hizi zilifuata vipimo vya kamera za Contax, si vya Leica. Kuanzia f/5.6 na mita 3 kwenda mbele hutalijali.

Kishikilio cha kidole gumba, au kitufe cha kuongezea juu ya shata? (Msomaji, Zanzibar)

Kishikilio. Kinazuia kamera kuteleza, ingawa kinaziba sehemu ya kuchomekea flashi. Kitufe cha kuongezea hulegea na kudondoka, na ndani ya mkoba hupiga picha za giza. Ukikitaka sana, weka pete ndogo ya mpira chini yake. Mkanda wowote unaotumia pete za chuma uwe na vipande vya ngozi, la sivyo rangi ya mwili itakwaruzika upesi.

Nimepata Yashica Electro 35 GSN na Canonet QL17. Betri zake hazipo tena. (Msomaji, Mwanza)

Yashica ilitumia betri ya zebaki ya volti 5.6. Weka 4LR44 ya volti 6 na kipande cha kujazia nafasi. Saketi yake inavumilia. Canonet haivumilii: ilitaka volti 1.35, na betri ya alkalaini ya 1.5 huifanya ione mwanga mwingi kuliko uliopo, picha zikawa giza. Tumia betri ya zinki-hewa namba 675, ile ya vifaa vya kusaidia kusikia, yenye volti 1.4, baada ya kubandua kibandiko hudumu wiki chache tu. Kwa zote mbili, kagua sponji za mlango wa nyuma. Zikiwa zimegeuka lami, zing'oe kwa kijiti na spiriti, usiruhusu makombo yaingie kwenye shata.

Mombasa unyevu ni mwingi. Niihifadhi wapi? (Msomaji, Mombasa)

Nje ya kifuniko chake cha ngozi, kwanza. Ngozi hushika unyevu na kuvu hupenda. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, silika jeli na kipima unyevu kidogo vinatosha; lenga asilimia 40 hadi 50. Kwenye Leica za filamu, shata ni kitambaa na hakuna kioo cha kuikinga, kwa hiyo lenzi iliyoelekezwa juani bila mfuniko inaweza kulitoboa. Ila mfuniko huo uuondoe kabla ya kupiga: kidirisha hakitakuonyesha kuwa bado upo.