Uliza Fundi: DVD zinazogoma kwenye deki

Swali: Habari za kazi, ndugu wahariri. Napiga video za send-off na harusi, na kila sherehe nachoma nakala 20 hadi 30. Raita ya laptop yangu, yaani draivu ya kuchomea diski, imekufa. Kariakoo nimeonyeshwa za nje za USB na za kufunga ndani ya kompyuta ya mezani, wauzaji wanasema zote ni sawa. Diski tupu nazo ziko za DVD-R na DVD+R, bei zimepishana sana. Nichukue zipi? — Msomaji, Tabata

Jibu: Si sawa hata kidogo. Kwa nakala 30, kama unayo kompyuta ya mezani, funga raita ya ndani. Ina mota nzito, inapata umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai, na haichoki upesi. Kabla ya kulipa, fungua kompyuta uhakikishe kuna tundu la SATA (la waya mwembamba wa data) lililo wazi kwenye ubao mama na waya wa umeme wa SATA usio na kazi. Mashine za zamani sana zina waya mpana wa IDE, mfumo uliotangulia SATA, na raita ya SATA haiingii humo.

Raita nyembamba ya USB mwisho wake ni kasi ya 8x, yaani mara nane ya kasi ya msingi ya DVD, na diski moja iliyojaa huchukua kama dakika 10. Tatizo lake kubwa ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500, la USB 3.0 (mara nyingi lina rangi ya bluu ndani) 900. Raita inapoanza kuchoma huhitaji umeme mwingi kwa ghafla. Ukipungua utasikia inagonga tik-tik, kisha inapotea kwenye kompyuta katikati ya kazi, na diski hiyo imekwenda na maji. Ichomeke kwenye laptop yenyewe, usipitishie kwenye habu (kigawanyishi cha matundu ya USB) isiyo na chaja yake. Ikija na waya wenye vichwa viwili vya USB, chomeka vyote viwili.

Ukinunua mashine ya mtumba, soma maandishi ya usoni mwa draivu. DVD-ROM inasoma tu. Combo inachoma CD lakini DVD inaisoma tu, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Sasa diski, na hapa ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea. DVD-R ilitoka 1997, DVD+R ikafuata 2002, na raita za leo zinachoma zote mbili. Kinachoamua ni deki ya mteja. Deki kuukuu huvumilia zaidi DVD-R, kwa hiyo kwa kazi ya kugawa nyumba kwa nyumba sisi tungechukua DVD-R. DVD+R ina ujanja wake: baadhi ya raita zinaweza kuiandika ijitambulishe kama DVD ya kiwandani, na deki korofi ikaikubali. Lakini si kila raita inaruhusu.

Bei zinapishana kwa sababu ya rangi ya kemikali iliyo ndani ya diski, ile ambayo mwanga wa leza unaiunguza, na kwa umakini wa kiwanda katika kuipaka. Jina la juu ya kopo halikuhakikishii kitu, maana lebo huchapwa popote. Weka diski tupu kwenye raita, fungua programu ya bure ya ImgBurn, usome msimbo wa mtengenezaji. Makopo mawili yenye jina moja yakionyesha misimbo tofauti, ni diski tofauti. Nunua 10 kwanza, usikimbilie kopo la 50. Choma 2 zijae mpaka ukingoni, kisha zijaribu kwenye deki mbovu kuliko zote mtaani.

Zijae kweli, kwa sababu DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na diski hafifu huharibika ukingoni, ambako rangi haikupakwa sawasawa. Ndiyo maana mteja halalamikii maharusi kuingia ukumbini. Analalamika kwamba picha inaganda kwenye zawadi.

Kasi: diski iliyoandikwa 16x ichome kwa 8x. Kwa 16x makosa huongezeka ukingoni. Kushuka mpaka kasi ya chini kabisa nako hakusaidii, kwa kuwa diski hizo hazikutengenezwa kwa mwendo huo na wakati mwingine matokeo huwa mabaya zaidi. Acha alama ya kuhakiki iwe imewekwa, ili programu iisome diski yote baada ya kuchoma. Muda unakaribia kuwa mara mbili, lakini nauli ya kurudisha nakala mbovu Mbezi ni ghali zaidi. Na kompyuta ya mezani iwe na UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika: umeme ukikatika sekunde moja, diski ya kuandikwa mara moja haiendelezwi.

Swali: Nimechoma video ya MP4 kwa Windows. Kwenye laptop inacheza vizuri, kwenye deki ya mama inaandika hakuna diski. Diski mbovu? — Mbagala

Jibu: Huenda ni nzima. Ukiingiza diski tupu, Windows inauliza kama utaitumia kama flashi au kwa deki ya CD/DVD. Ukichagua flashi, deki nyingi haziioni kabisa. Chagua ya pili.

Hata hivyo MP4 bado itagoma kwenye deki za zamani, kwani zinaelewa DVD-Video tu: picha za MPEG-2 ndani ya folda ya VIDEO_TS. Windows 7 ilikuwa na programu ya kutengeneza hiyo, kuanzia Windows 8 ikaondolewa. Tumia DVDStyler, ni ya bure. Chagua PAL, mfumo wa TV unaotumika kwetu, wa picha ya nukta 720 kwa 576, ingiza video, kisha choma na uifunge diski ("finalize"). Isiyofungwa husomwa na raita tu.

Angalia na urefu. Diski ya GB 4.7 kompyuta itaionyesha kama 4.38, hujaibiwa, ni namna mbili za kuhesabu. Saa 2 zinakuachia kama megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na hapo picha ni safi. Ukisukumia saa 3 zinabaki 3.5 hivi, na taa za disko na vitenge vinavyocheza vitageuka vijisanduku. Gawa kwenye diski mbili.

Swali: Je, diski za tabaka mbili si zingemaliza tatizo hilo? — Sinza

Jibu: Zinabeba GB 8.5, lakini ni ghali, huchomwa polepole, deki inaweza kusita kidogo inapohama tabaka, na za zamani nyingi hazizisomi. Diski mbili za kawaida ni bora. DVD-RW, zile za kufuta na kuandika tena, ziachie majaribio yako: huakisi mwanga kidogo, deki nyingi kuukuu huzikataa.

Swali: DVD nilizobandika stika nzuri zimeanza kukwama baada ya mwaka. Naishi Kigamboni karibu na bahari. — Msomaji

Jibu: Stika ndiyo mshukiwa wa kwanza. DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa. Karatasi iliyobandikwa pembeni kidogo huifanya iyumbe inapozunguka, na kwenye joto na unyevu gundi ya stika hujikunja na kuipinda diski. Nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapwa kwa printa yenye trei ya diski, au andika kwa kalamu laini maalumu ya CD. Kalamu ya bolpeni usiiguse.

Zilizokwama usizibandue stika, unaweza kuipasua diski. Ziingize kwenye raita ya kompyuta, ambayo kwa kawaida husoma vizuri kuliko deki, nakili yaliyomo kwenye diski kuu, kisha choma upya. Nakala mpya ziweke kwenye kasha gumu, zikisimama, mbali na dirisha na mbali na dashibodi ya gari.