Maswali na Majibu: Retikuli Ipi Inafaa Mashindano ya Masafa Marefu?

SWALI: Ndugu Mtaalamu, natumaini hujambo. Mimi ni Mkenya ninayeishi Texas, Marekani, na mwaka huu nimeanza kuhudhuria mashindano ya bunduki ya mtindo wa PRS (Precision Rifle Series, mfululizo wa mashindano ya masafa marefu) nikitumia bunduki ya risasi za 6.5 Creedmoor. Darubini niliyo nayo ni ya kuwindia, ina msalaba mtupu usio na alama yoyote, nami nimeweka akiba ya kununua nyingine moja, iliyo bora. Mwenzangu mmoja ananihimiza ninunue yenye vitone vinavyopanuka kuelekea chini kama mti. Mwingine, ambaye hushindana katika F-Class, mchezo wa kulenga shabaha za mbali ukiwa umelala, anasema mti huo huchosha macho bure na kwamba msalaba mwembamba wenye kitone katikati unatosha. Ningependa siku moja nijaribu F-Class pia. Je, nichague retikuli ya namna gani? Iwe ya milradiani au ya dakika za pembe? Na je, niongeze fedha nipate yenye taa?

JIBU: Ndugu msomaji, sijambo, nakushukuru kwa swali lililopangwa vizuri. Wenzako wote wawili wamekushauri sawasawa, lakini kila mmoja ameuzungumzia uwanja anaoujua yeye. Retikuli, yaani mistari na vitone tunavyoviona ndani ya darubini, ni rula ya kupimia pembe, na viwanja hivyo viwili havimtaki mshindani apime kitu kimoja wala kwa mwendo mmoja.

Niuanze ule wa F-Class kwa kuwa maelezo yake ni mafupi. Mshindani hulala kifudifudi, bunduki imetulizwa juu ya mto wa mchanga au juu ya miguu miwili iliyofungwa kwenye bunduki yenyewe, na umbali unajulikana tangu mwanzo. Katika viwanja vyenye handaki, shabaha hushushwa baada ya kila risasi, tundu likawekewa alama, kisha ikapandishwa tena. Kwa yadi 1,000 duara la alama 10 lina kipenyo cha inchi 10, ambazo ni karibu dakika 1 ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii), na kiduara cha X kilichomo ndani yake kina inchi 5. Hapo mshindani anahitaji kitu chembamba kisichofunika shabaha. Kitone cha thumni ya dakika hufunika inchi 1.3 tu kwa umbali huo, na duara zenyewe za shabaha humsaidia kukadiria alenge kando kiasi gani kwa ajili ya upepo. Kwa uwanja huo, msalaba mwembamba wenye kitone ni chaguo zuri kabisa, na mwenzako hakukosea kuusifu.

PRS ni kazi nyingine. Tangu mfululizo huo uanzishwe mwaka 2012, mashindano yake yamejengwa juu ya vituo vyenye muda mfupi, mara nyingi sekunde 90 hadi 120, ambamo unapiga risasi zipatazo 8 hadi 12 ukiwa umeegemea ukuta wa mbao, ngazi, tairi au jiwe, na mabamba ya chuma yako katika umbali mbalimbali. Hakuna anayekuwekea alama mahali risasi ilipopita. Unaiona wewe mwenyewe, kwa vumbi lililoruka au kwa bamba kutikisika, na rula ya kupimia kosa hilo ni ile iliyo ndani ya darubini. Ukiona vumbi upande wa kushoto, ni lazima ujue papo hapo kwamba ni milradiani 0.3 (milradiani 1 ni sehemu moja ya elfu ya umbali), ulenge 0.3 kulia na kufyatua tena kabla upepo haujabadilika. Msalaba wako wa sasa hauwezi kukuambia jambo hilo, nao wa F-Class hukuambia kwa shida.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: nunua kwa ajili ya PRS, kwa kuwa ndiko uliko sasa, wala usitafute darubini ya katikati inayodai kufaa pande zote mbili.

Jambo la kwanza la kuamua ni mahali retikuli ilipowekwa ndani ya darubini. Ikiwa katika bapa la kwanza la fokasi, hukua na kupungua pamoja na picha unapobadilisha ukuzaji, na kwa sababu hiyo alama ya milradiani 1 hubaki milradiani 1 daima. Ikiwa katika bapa la pili, mistari hubaki na unene uleule machoni, lakini vipimo vyake huwa sahihi katika ukuzaji mmoja tu, ambao mara nyingi ni ule wa juu kabisa. Tuseme darubini ya bapa la pili imepimwa kwa ukuzaji wa mara 25, nawe umeshusha hadi mara 12.5 ili upate eneo pana la kuonea. Alama iliyoandikwa 0.8 sasa ni 1.6. Kwa bamba lililo mita 600, tofauti hiyo ni sentimita 48, na risasi itapita pembeni bila wewe kuelewa kilichotokea. Katika F-Class, ambako ukuzaji huachwa palepale kwa muda mrefu, bapa la pili halina hatari hiyo, tena humpa mshindani mistari myembamba hata katika ukuzaji wa juu sana. Katika PRS, ambako mazigazi ya mchana wa joto hukulazimisha kushusha ukuzaji na kituo kinachofuata kikakutaka uupandishe, sioni sababu ya kuchukua kitu kingine isipokuwa bapa la kwanza.

Kuhusu milradiani na dakika za pembe, hakuna kipimo kilicho sahihi kuliko kingine, kwa kuwa vyote ni pembe. Milradiani 1 ni sentimita 10 kwa mita 100, au inchi 3.6 kwa yadi 100. Dakika 1 ni inchi 1.047 kwa yadi 100. Wengi hudhani milradiani huenda na mita peke yake, lakini unaweza kuitumia kwa yadi bila taabu. Sababu yangu ya kukushauri milradiani ni ya kijamii zaidi kuliko ya hesabu: katika PRS karibu kila mtu hutumia hiyo, na mshindani aliyemaliza kituo akikuambia kwamba upepo umemtaka 0.7, utaitumia tarakimu hiyo kama ilivyo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba vifundo vya kurekebishia mwinuko na upepo viwe katika kipimo kilekile cha retikuli. Bado zinauzwa darubini zenye retikuli ya milradiani na vifundo vya robo dakika, na mwenye nayo hulazimika kukumbuka kwamba milradiani 1 ni kliki 13.75, yaani hatua za kifundo. Hesabu hiyo haifanyiki wakati saa inakimbia.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe, kwa sababu ndio uliowagonganisha wenzako. Kwa bunduki yako, ukitumia risasi yenye uzito wa gireni 140 na ukiwa umeweka sifuri katika yadi 100, yaani umerekebisha darubini ili risasi ipige palepale unapolenga kwa umbali huo, mwinuko unaohitajika ni takriban milradiani 2.2 kwa yadi 400 na zaidi kidogo ya 5 kwa yadi 700, nao upepo wa maili 10 kwa saa unaotoka ubavuni huisogeza risasi karibu milradiani 1 kwa yadi 600 na kati ya 1.7 na 2 kwa yadi 1,000. Katika vituo vingi utazungusha kifundo kwa ajili ya mwinuko na kutumia mstari wa katikati kwa ajili ya upepo peke yake. Kwa vituo hivyo retikuli isiyo na mti, kama Mil-C ya kampuni ya Nightforce yenye alama kila 0.2, inatosha na kuzidi. Lakini hutokea kituo chenye mabamba matatu au manne ya umbali tofauti, au chenye sharti la kutogusa vifundo hata kidogo. Hapo unalazimika kulenga milradiani 5 chini ya kitovu na wakati huohuo 0.9 kando, na bila mti huko hakuna kitu cha kukuongoza, unakisia hewani. Mti hukupa kitone mahali hasa jicho linapokihitaji.

Mti nao una gharama yake. Risasi iliyopungukiwa huangukia chini ya shabaha, na vumbi lake huruka palepale ambapo mti umetanda. Gridi zilizojaa mistari, mfano wa H59 ya Horus, zina watu wake waliozizoea na wanaozitumia kwa ustadi mkubwa, lakini kwa anayeanza humeza vumbi dogo lililoruka juu ya udongo mkavu. Niliwahi kuingia kituoni na gridi ya namna hiyo niliyoiazima siku moja kabla; bunduki ikapiga teke, jicho likapoteza mstari niliokuwa nikiutumia, nikapiga risasi tatu nikidhani niko mstari wa 4 kumbe niko wa 5. Tangu siku hiyo sipendekezi gridi nzito kwa mtu ambaye hajawa na nafasi ya kuifanyia mazoezi kwa miezi. Mti wa vitone vidogo vilivyotengana, wenye tarakimu pembeni mwa safu zake na nafasi wazi chini tu ya kitovu, kama ule wa Mil-XT ya Nightforce, humpa mshindani msaada bila kumzibia. Huo ndio ningekuwekea wewe.

Alama ziwe kila 0.2. Ukiwa nazo, jicho huigawa nafasi mara mbili na kupata 0.1, ambayo ni sawa na kliki moja ya kifundo. Retikuli za zamani za vitone vilivyoachana milradiani 1 nzima, zilizoenea kupitia wadunguzi wa jeshi la wanamaji la Marekani tangu miaka ya 1970, hukuachia pengo kubwa mno la kukisia. Kitovu kiwe kitone kilichozungukwa na uwazi. Kitone cha milradiani 0.05 hufunika chini ya sentimita 5 kwa yadi 1,000, na bamba la dakika 2 kwa umbali huo lina upana wa zaidi ya nusu mita.

Kuna kipimo kimoja ambacho wanunuzi wengi hukipuuza, nacho ni unene wa mstari ukilinganishwa na ukuzaji utakaoutumia kweli. Dukani watu huzungusha darubini hadi mara 25 wakafurahia weusi wa mistari. Vituoni utakuwa kati ya mara 12 na 18. Chukua mstari wa milradiani 0.03, uzidishe kwa 14: jicho linaona milradiani 0.42, ambazo ni karibu dakika moja na nusu ya pembe. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kiasi cha dakika 1, hivyo mstari huo utaonekana, tena bila kuziba kitu. Ushushe ukuzaji hadi mara 6 na mstari uleule unakuwa dakika 0.6, na mbele ya kichaka chenye kivuli utautafuta usiuone. Kwa hiyo iangalie retikuli katika mara 14, nje ya duka, ukiielekeza kwenye majani makavu na kwenye kivuli, baada ya kurekebisha kioo cha nyuma kilingane na jicho lako. Usiihukumu kwa picha ya tangazo.

Ukishainunua, iweke wima kwa kutumia timazi: ning'iniza uzi wenye uzito mita 100 mbele yako, bunduki ikiwa imesawazishwa, na mstari wa wima wa retikuli uufuate uzi huo. Retikuli ikiinama digrii 1 tu nawe umeweka mwinuko wa milradiani 9, risasi itahama kando kiasi cha 0.16, ambazo ni sentimita 14 kwa yadi 1,000, nawe utausingizia upepo. Hapohapo upime vifundo: kwa mita 100 kamili, milradiani 10 lazima ziwe mita 1 kwa utepe wa kupimia.

Siku utakapokwenda F-Class, nenda na darubini hiyohiyo. Fahamu kwamba kwa 6.5 Creedmoor utaingia kundi la F-Open, kwa kuwa kundi jingine, F-TR, huruhusu risasi za .223 Remington na .308 Winchester pekee, na kwamba bunduki pamoja na darubini isizidi kilo 10. Kliki ya 0.1 ni inchi 3.6 kwa yadi 1,000, ambayo ni kubwa mbele ya kiduara cha inchi 5. Kwa hiyo uache kufukuzia kitovu kwa kuzungusha kifundo, ulenge kando kwa kutumia retikuli. Utapoteza X kadhaa, lakini utajua kama mchezo huo unakufaa kabla hujanunua darubini ya pili.

Kuhusu taa, usiongeze fedha kwa ajili yake. Huwasaidia wawindaji alfajiri na jioni, ilhali mashindano yako hufanyika mchana. Ikiwa imekuja pamoja na retikuli uliyoipenda, itakufaa pale bamba jeusi litakapokuwa limening'inizwa ndani ya kivuli cha miti.