Maswali ya Wasomaji: Jina Langu Hadharani

SWALI: Ninatengeneza programu za simu hapa Morogoro, na sasa nimekamilisha moja ya kutunza hesabu za vikoba. Nilipofika kwenye ukurasa wa Google Play, duka la programu za Android, unaodai kitambulisho na anwani, nilisita. Je, kuna haja gani ya kujianika hivyo, na kila mtu ataona ninapoishi?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, kwa hiyo naanza na anwani. Ukifungua akaunti ya mtu binafsi na programu yako ikawa haiingizi fedha dukani humo, watu wataona jina lako la kisheria, nchi yako na barua pepe uliyoiweka kwa ajili ya watumiaji. Ukianza kuuza, anwani kamili nayo huonyeshwa. Kama unakusudia biashara, nakushauri usajili kampuni BRELA na ufungue akaunti ya taasisi, ili itakayoonekana iwe anwani ya ofisi. Akaunti hiyo hudai pia namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kuitambulisha taasisi, ambayo kampuni ya Dun & Bradstreet huitoa bila malipo.

Ama kuhusu haja yenyewe, kumbuka kwamba akaunti hufunguliwa kwa dola 25 zinazolipwa mara moja tu. Bila utambulisho, tapeli aliyefungiwa leo angerudi kesho kwa jina jingine. Sisi tumeyaona machungu yake katika programu za mikopo zinazochota namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji, kisha zikawapigia mama mkwe na mwajiri wake kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Aliyedhalilishwa anastahili kujua ni nani wa kumshtaki.

Hata hivyo, uthibitisho humtambua mtu, haukagui kazi yake. Mwenye kitambulisho halali anaweza kabisa kuandika programu ya wizi. Kwa hiyo usiombe ruhusa ya kusoma meseji wala orodha ya namba, kwa kuwa hesabu za kikoba hazihitaji hayo, na mweka hazina makini atalitazama hilo kabla ya kulitazama jina lako.

Usidhani pia kwamba utalikwepa suala hili kwa kusambaza faili la programu kupitia WhatsApp. Google imetangaza kuwa kuanzia Septemba 2026, katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, simu za Android zilizoidhinishwa na Google zitadai msanidi (mtengenezaji wa programu) aliyethibitishwa hata kwa programu zinazotoka nje ya duka, na nchi nyingine zitafuata.

Unapojaza, jina la kwenye wasifu wa malipo lilingane na kitambulisho, majina yote na tahajia yake. Akaunti mpya ya binafsi hutakiwa pia kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya programu kutolewa kwa umma. Waombe wanakikoba wenzako tangu sasa.